Meza ya Fundi wa Meno

Fundi wa meno alianza kumtukana baba wa yule mtoto saa tatu asubuhi, akaendelea kumtukana mpaka saa nne na nusu, na muda wote huo alikuwa akijitukana mwenyewe bila kujua.

Kazi ilikuwa imeingia karakanani ndani ya boksi dogo, kama kazi zote: chapa ya meno ya juu na ya chini, imezungushiwa kitambaa chenye unyevu, pamoja na kikaratasi. Namba 214. Jinsia, kike. Umri, miaka kumi na sita. Jino la mbele la juu, kulia, limevunjika pembe, livishwe kofia. Jina halikuandikwa. Madaktari wa mji ule walituma pale midomo ya watu kwa namba, na mafundi wawili wa chumba cha nyuma, katikati ya ndoo za plasta na mashine ya kusagia, waliwatengenezea meno watu wasiowajua. Meno ya fundi yalikuwa yamehudhuria harusi nyingi ambazo yeye mwenyewe hakualikwa.

Alikuwa amemimina plasta kwenye chapa tangu alipofika kazini, akaitikisa viputo vitoke, akaiacha ikauke. Sasa aliibandua, akasimama na lile sanamu la meno karibu na dirisha.

"Mama Rangi, hebu njoo uone maajabu."

Mama Rangi alikuwa fundi mwenzake, mwanamke wa makamo aliyepewa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kupaka meno mapya rangi mpaka yafanane na majirani zake mdomoni. Alikuja na brashi yake mkononi.

"Naona pembe imeondoka."

"Achana na pembe. Geuza. Tazama kwa nyuma."

Nyuma ya meno ya mbele, upande ule unaoguswa na ulimi, ganda lilikuwa limekwisha. Halikuwa limeoza, maana kuoza huchimba shimo. Lilikuwa limelainika na kubonyea, kama ngazi ya mawe iliyokanyagwa miaka mingi. Miaka ishirini na miwili ya kazi ilikuwa imemfundisha fundi kusoma midomo kama wengine wanavyosoma magazeti. Anayesaga meno usingizini huyasaga kwa juu. Mla ndimu huliwa kwa mbele. Lakini aliyeliwa kwa nyuma, tena meno ya juu tu, huku ya chini yakiwa mazima, huyo anatapika, na anatapika siku nyingi.

"Labda ni mgonjwa wa tumbo," Mama Rangi alisema.

"Mgonjwa wa tumbo angepelekwa kwa daktari wa tumbo. Huyu anajitapisha. Anakula, kisha anakwenda kutoa. Miaka miwili, kama si zaidi. Miaka miwili, Mama Rangi! Mtoto anaishi na watu wazima wenye macho mawili mawili, na hakuna hata mmoja aliyeona!"

Akaanza hapo. Baba wa mtoto yule alikuwa mlevi. Kama si mlevi, basi alikuwa wale wanaopitia nyumbani kubadilisha shati. Kama si hivyo, basi alikuwa bwege tu, mzigo wa nyama uliovishwa suruali. Fundi alichonga nta, akatukana. Alichanganya plasta nyingine kwa ajili ya kazi nyingine, akatukana.

"Ningempata hapa," alisema, "ningemkalisha kwenye stuli hii nikamuuliza: mzee mwenzangu, kwako huwa unatazama nini? Ukuta?"

"Na mama yake je? Naye hana macho?"

"Mama naye bure. Lakini baba! Baba ndiye mwenye nyumba."

"Haya, wewe kwako mambo ni shwari," alisema Mama Rangi. Hakusema kwa kejeli kabisa, wala hakusema bila kejeli.

"Kwangu tunakula mezani. Wote wanne, kila siku, saa moja jioni, simu zimezimwa. Kila mtu anatoa taarifa ya siku yake. Hakuna wa kujificha. Binti yangu mimi sahani yake inarudi jikoni haina hata punje."

Aliyasema hayo huku kidole gumba chake kikipita juu ya meno ya chini ya namba 214, kwa mazoea tu, kama mtu anayechezea funguo. Kidole kikakwama. Chonge ya chini, kushoto, ilikuwa imegeuka ubavu kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Ulimi wa fundi ukaondoka wenyewe, ukaenda chini, kushoto, kwenye chonge yake mwenyewe, nayo imegeuka ubavu.

Marehemu mama yake alikuwa na chonge hiyo. Yeye anayo. Mwanawe wa kiume, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, hakuipata. Binti aliipata, na alipokuwa mdogo fundi alizoea kumwambia kwamba hilo ndilo jino la ukoo na asimruhusu mtu yeyote kulinyoosha.

Akakaa kwenye ile stuli.

Kwa wiki kadhaa sasa binti yake alikuwa akizungumza mezani ameweka mkono mdomoni. Fundi alikuwa ameliona hilo, kwa sababu yeye aliona kila kitu, na juzi tu alikuwa amemwambia, "Toa mkono mdomoni unapozungumza na mimi. Unaficha nini, meno ya dhahabu?" Kitinda alicheka. Nyumbani kwa fundi, baba akitania, ilibidi mtu acheke.

"Fundi, umepatwa na nini?"

"Vumbi la plasta limeingia jichoni."

"Macho yote mawili?"

Fundi alikuwa anasoma mhuri kwenye kikaratasi. Kliniki ilikuwa ng'ambo ya mji, mwendo wa mabasi mawili. Akaelewa mara moja kwa nini mkewe aliichagua hiyo na kuziacha nyingine tano za karibu, na akaelewa pia kosa lake: mkewe hakujua kwamba daktari yule humtumia fundi kazi zake zote, mwaka wa sita huu. Angelijuaje? Kwenye meza ya taarifa watu watatu walitoa taarifa na mmoja alizipokea. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza, "Na wewe baba, leo umetengeneza meno ya nani?" Wala yeye hakuwahi kuwaachia nafasi ya kuuliza.

Hasira haikumpandia mtu aliyestahili. Ilimpandia mkewe. Akalifunga lile sanamu kwa kitambaa, akalitia kwenye mfuko wa aproni, na akatoka hivyo hivyo, mavumbi mpaka kwenye nyusi.

Mkewe aliuza vitambaa vya mapazia katika duka la barabara kuu. Alikuwa nyuma ya kaunta na fimbo yake ya mita, anamhudumia mama mmoja ambaye ilionekana amekuwepo pale tangu duka lilipofunguliwa.

"Mita sita," mteja alisema. "Au saba? Dirisha langu ni pana, halafu wifi yangu ana maneno."

"Saba, dada. Wifi akose la kusema."

Ndipo akamwona mumewe. Alishtuka kama mtu anayemwona askari.

Fundi akafungua kitambaa, akaweka meno ya plasta juu ya pazia.

"Mama yangu wee!" mteja alisema. "Haya ni ya mtu?"

"Ya binti yangu," alisema fundi, macho kwa mkewe. "Muulize huyu, anayajua."

Mkewe aliyatazama meno yale, akayasogeza pembeni kwa ncha ya fimbo, akaanza kupima.

"Moja," alisema. "Mbili."

"Ulijua."

"Tatu. Nilijua."

"Tangu lini?"

"Nne. Tangu shule zilipofunguliwa. Nilimkuta bafuni."

"Ukanyamaza!"

"Tano. Nilimpeleka kwa daktari wa meno. Nilimpeleka kwa nesi wa vijana pale kituo cha afya, kila Alhamisi saa tisa, ameshakwenda mara tatu. Kama huko ndiko kunyamaza, basi nimenyamaza. Sita."

"Hukuniambia mimi! Mimi baba yake!"

Mkewe akaiweka fimbo chini. Alizungumza taratibu, kwa sauti ya dukani, na sauti hiyo ilimchoma fundi kuliko kelele.

"Ningekuambia saa ngapi, Baba Watoto? Kabla ya kesi ya hesabu za Kitinda, au baada ya kesi ya nani aliubamiza mlango? Nyumba yetu ina saa moja ya mazungumzo, na hiyo umeichukua wewe yote."

"Mimi sita zinanitosha," alisema mteja.

"Umesema saba, dada. Subiri." Akamgeukia tena mumewe. "Aliniambia hivi: mama, nitakwenda kwa nesi, lakini baba asijue. Baba akijua ataniweka mezani."

"Nitamweka wapi?"

"Mezani. Ndivyo wanavyosema, yeye na mdogo wake. Fulani leo amewekwa mezani. Hujawahi kuwasikia?"

Hakuwahi kuwasikia. Watoto wake walikuwa na neno zima la kumzungumzia, limechongwa na kutumika mpaka likazoeleka, na yeye, mkusanya taarifa, hakuwa nalo.

"Sasa nisikilize," mkewe alisema. "Leo ni Jumanne. Ukifungua mdomo wako jioni, Alhamisi haendi. Namjua. Na asipokwenda Alhamisi, mimi sina tena pa kumpeleka. Nesi ameniambia ukweli, kwamba hii haiishii kwenye meno. Inaweza kufika kwenye moyo. Moyo wenyewe, unaopiga. Siku mbili, mume wangu. Nyamaza siku mbili tu."

"Unanifundisha kuzungumza na mwanangu?"

"Nakufundisha kunyamaza. Saba. Chukua meno yako, yananichafulia kitambaa."

Alirudi karakanani akichemka. Aliwasha mashine ya kusagia akaharibu kazi ya mtu, daraja la meno matatu la mzee mmoja wa watu, na ikabidi aanze upya. Hasira yake ilitafuta pa kutua kama nzi. Ilitua kwa daktari: kwa nini hakumpigia simu? Lakini daktari alimjua fundi kwa kazi yake tu, hakujua kwamba ndiye baba wa mtoto. Ilitua kwa shule. Ilitua kwa simu za mkononi na zile picha za wasichana wembamba. Kila ilipotua, haikukaa.

Kwa sababu alikuwa na kumbukumbu nzuri, na kumbukumbu zilikuja na sauti. Jioni ya wiki iliyopita binti alileta alama hamsini na nane za kemia. Fundi alikuwa amekishika kikaratasi cha majibu mbele ya taa, akauliza, "Hamsini na nane? Hii ni alama au ni namba ya nyumba?" Kisha akauliza aliyepata tisini ni nani, na baba yake aliyepata tisini anafanya kazi gani, na kama huyo aliyepata tisini naye ana vichwa viwili. Binti alijibu kila swali. Alicheka penye kuchekwa. Alimaliza chakula, kwa kuwa kubakiza chakula ilikuwa kesi nyingine inayojitegemea. Akaomba ruhusa, akaingia bafuni, maji yakafunguliwa, na fundi akasema kwa sauti, akijua anasikika, "Huyu atatumalizia maji ya mji mzima."

Hakuwahi kumpiga mtu. Hilo alijivunia sana, hata mbele ya wageni. Mikono yake ilikuwa safi kabisa. Kazi yote ilikuwa imefanywa na mdomo.

"Ile 214 nipe mimi," Mama Rangi alimwambia jioni, wakati wa kuvua aproni. Hakuuliza lolote. Alikuwa ametazama ile chonge, kisha amekumbuka ile ya fundi, aliyokuwa akiiona fundi anapocheka na kuzungumza, kwa miaka kumi na moja wakikaa benchi moja.

"Ni yangu," alisema fundi.

"Najua ni yako. Ndiyo maana nakwambia nipe."

Hakumpa.

Saa moja walikaa mezani, wote wanne. Fundi alikuwa ameapa njia nzima: hatauliza kitu. Na kweli hakuuliza. Alichota, akatafuna, akatazama sahani yake. Angejua angeuliza lolote, hata habari za hali ya hewa, maana kimya chake kilishuka juu ya meza kama mtu wa tano ambaye hakuna aliyemjua. Vijiko vilipungua mwendo. Kitinda, mwenye miaka kumi na moja, alishindwa kuvumilia.

"Baba, mimi leo sijafanya kosa."

"Hujaulizwa."

"Ndiyo, lakini nasema mapema."

"Kula, Kitinda," mama yake alimwambia.

"Na jana pia sikufanya. Ile ya kioo alikuwa mwenzangu."

"Kula!"

Binti hakuwa akimtazama mdogo wake. Alikuwa akimtazama mama yake. Baba asiyeuliza chochote ni baba anayejua kila kitu. Kwa nyumba ile, hilo halikuhitaji kuelezwa.

"Umemwambia," alisema, mkono ukiwa mdomoni.

"Sikumwambia, mwanangu."

"Umemwambia, mama. Mtazame alivyo."

"Karakana yetu ndiyo inayotengeneza jino lako," alisema fundi. Alijaribu kulisema polepole. "Nimeliona mwenyewe."

Binti akala vijiko vitatu vya mwisho, kimoja baada ya kingine, haraka, akaisafisha sahani kama siku zote, akasogeza kiti nyuma. Fundi akajua anakwenda wapi. Na kile kiapo cha njia nzima, na siku mbili alizoombwa dukani, vyote vikamtoka kwa neno moja.

"Kaa!"

Kitinda akaruka.

"Kaa chini! Leo huendi popote! Utakaa hapa mpaka chakula kishuke, nami nitakaa nikutazame, kama ni mpaka asubuhi!"

"Baba Watoto," alisema mkewe. Sauti ilikuwa ya mtu anayeona gilasi ikidondoka.

Binti hakukaa. Aliutoa mkono mdomoni. Fundi akaliona lile jino katika nyama na damu kwa mara ya kwanza, fupi, limekatika mshazari, na binti akalionyesha kwa makusudi, kama mtu anayetoa kitambulisho.

"Unataka taarifa?" alisema. "Pokea taarifa. Asubuhi nimeamka nikafikiria jioni nitasema nini. Saa nne, wenzangu wanacheza, mimi nafikiria jioni nitasema nini. Kwenye basi nimejipangia majibu, na utani wa kutia katikati ili ucheke. Halafu nakuja hapa nakula. Kila kijiko kina swali ndani yake, baba. Nikimeza chakula nimemeza na maswali yako. Kule bafuni natoa maswali. Chakula kinatoka tu kwa sababu kiko njiani."

"Mimi niliwahi kukupiga?"

"Hapana."

"Niliwahi kulala nje ya nyumba hii? Niliwahi kuwalaza njaa?"

"Hapana, baba. Hujawahi kukosa hata siku moja. Nilikuwa naomba uugue, hata mafua. Huugui!"

Kitinda alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko, akaiziba na kikombe.

"Basi nifanye nini?" fundi alifoka. Aliuliza kama watu wanavyouliza kwenye ugomvi, bila kungoja jibu. "Niambie basi, wewe mwenye akili, nifanye nini?"

Lakini binti alikuwa na jibu. Alikuwa amekuwa nalo kwa muda mrefu, hilo lilionekana.

"Usile na sisi."

Baba yake fundi, babu yao hawa, alikula peke yake, chumbani, mlango umefungwa. Fundi na dada zake walikaa nje ya ule mlango wakisikiliza kijiko, wakihesabu matonge kimoyomoyo, wakingoja sahani itoke na kilichobaki. Baba yule hakuwahi kujua wanasoma darasa la ngapi. Fundi alipooa, alinunua meza kabla ya kitanda. Yeye na mkewe walilala kwenye mkeka miezi minne, lakini walikula mezani, na alikuwa amemwahidi mke wake kwamba watoto watakaozaliwa hawatasikiliza kijiko cha baba yao kupitia mlango. Hicho ndicho kitu kizuri alichokuwa amekifanya duniani, hata kama hakufanya kingine.

"Unajua unaniomba nini?" alisema. Sauti yake ilitetemeka, na ilitetemeka kwa hasira.

"Najua. Bibi alinihadithia kabla hajafa. Mlango na kijiko. Najua yote."

"Na bado unaniomba."

"Nakuomba. Ukikubali, Alhamisi nitakwenda. Ukikataa, siendi, na utanikalisha hapa, utanitazama, na mimi nitatafuta mahali pengine. Shule ina vyoo kumi na viwili."

Alimgeukia mkewe amwokoe. Kwa miaka kumi na minane mwanamke yule alikuwa amemwokoa kwenye meza hiyo mara nyingi, kwa kikohozi, kwa chumvi iliyopungua, kwa kumtuma Kitinda jikoni. Sasa aliinuka, akaichukua sahani ya mumewe iliyobaki nusu, akaweka kijiko juu yake, na akampa mkononi.

"Chumbani kuna kiti," alisema.

Alikwenda. Alikaa kwenye kiti cha chumbani, sahani mapajani, mlango umeegeshwa, na alikula kila kilichokuwemo kwa hasira tupu, bila kuonja. Walimnyang'anya meza aliyoinunua. Mtoto wa miaka kumi na sita! Alitunga hotuba tatu. Upande wa pili palikuwa kimya. Baadaye vijiko vikaanza. Kisha, muda mrefu baadaye, Kitinda akaanza kusimulia kisa cha mwalimu wa michezo aliyekalia kiti kibovu mbele ya mkaguzi, na namna alivyoendelea kutoa maelekezo akiwa sakafuni kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Kisa hicho hakikuwa kimewahi kutolewa taarifa. Mama yake alicheka. Dada yake akamwambia, "Muongo wewe!" na kicheko kikawa cha watu watatu.

Fundi akasimama. Alitaka kutoka awaulize: kiti gani? Mwalimu yupi? Lini? Mkono wake ulifika kwenye kitasa. Alisimama pale mpaka kisa kikaisha, akarudi kukaa, na hajui mpaka leo mkaguzi alisema nini.

Alhamisi binti alikwenda kwa nesi. Na Alhamisi iliyofuata.

Mambo hayakunyooka. Kutoka chumbani fundi aliendelea kusikia maji ya bafuni, jioni fulani ndiyo, jioni fulani hapana, na jioni za ndiyo alilazimika kuushika mto kwa mikono yote miwili. Mkewe hakumpa habari ila alipotaka mwenyewe. Daktari naye alituma kikaratasi: kazi ya 214 isimame mpaka nitakapoarifu. Fundi aliijua maana yake bila kufafanuliwa. Daktari mwenye akili haweki kofia mpya kwenye mdomo ambao bado unayeyuka. Sanamu likakaa kwenye rafu wiki ya kwanza, ya pili, ya tano, na kila asubuhi akilipangusa vumbi alisikia joto likimpanda shingoni, hasira ileile, ila sasa ilikuwa imejua anuani yake.

"Vipi yule baba uliyetaka kumkalisha kwenye stuli?" Mama Rangi aliuliza siku moja, bila kuinua macho kwenye brashi.

"Nimempata."

"Anasemaje?"

"Anajitetea sana."

Wiki ya tisa kikaratasi kingine kilikuja. Endeleeni na 214. Mgonjwa atafika kuchaguliwa rangi.

Rangi ya jino haichaguliwi kwenye taa. Huchaguliwa dirishani, saa nne asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, na mwenye mdomo lazima awepo. Binti alifika na mama yake, akiwa na sare ya shule. Alikuwa hajawahi kuingia mahali baba yake anapofanya kazi. Alitazama rafu zenye midomo ya watu mamia kwa mamia, zote wazi, zote bila sauti, akatazama ndoo, akatazama aproni ya baba yake iliyoganda plasta kama gome.

"Hawa wote unawajua?" aliuliza.

"Simjui hata mmoja," alisema fundi. Lilikuwa swali la kwanza ambalo yeyote wa nyumbani kwake alikuwa amemuuliza juu ya kazi hii, na alitamani kuendelea, aeleze nta na plasta na namna ya kumjua mla ndimu. Mama Rangi akamkalisha binti dirishani.

"Fungua, mwanangu. Usizungumze sasa, ulimi utanizibia." Akaanza kuvipanga vijino vyake vya mfano, kimoja kimoja, kando ya lile jino fupi.

Fundi alisimama nyuma yao. Mdomo ulikuwa wazi, jua limeingia mpaka ndani, na hapakuwa na mkono wa kuuziba. Aliliona ganda lilivyoliwa. Kwenye plasta lilikuwa jeupe tu. Humu lilikuwa na manjano ya ndani, mahali ambapo jino huanza kuuma likiguswa na maji. Miaka miwili. Kila siku saa moja jioni, na yeye akiwa umbali wa mikono miwili, ameketi kichwani mwa meza. Alitaka kumpiga mtu, na hapakuwa na mwingine wa kumpiga humo chumbani.

"Nitarudi lini mezani?" aliuliza.

Hakukusudia. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ileile ya kudai taarifa, na mkewe akageuka ghafla.

Binti hakuweza kujibu, mdomo umejaa vijino. Ikabidi fundi angoje. Mama Rangi hakuharakisha. Alijaribu kijino kimoja, akakirudisha, akajaribu kingine. Hatimaye akaviondoa vyote.

Binti akafunga mdomo, akameza mate, akamtazama baba yake.

"Sijui."

"Hujui mwezi huu, au hujui..."

"Sijui, baba. Na usiniulize tena. Siku nitakapojua, nitakuja chumbani kukuita. Ukiniuliza tena, sitakuja."

Fundi alikuwa na majibu manne tayari kwenye ulimi, yote makali, mawili kati yake ya kuchekesha. Yalimpanda mpaka kwenye meno. Akayafunga hapo, akarudi kwenye benchi lake, akawasha mashine ya kusagia, akachukua kazi ya kwanza iliyokuwa karibu. Nyuma ya ngurumo aliwasikia Mama Rangi na binti yake wakibishana kama jino lina ukijivu kidogo au ni kivuli tu cha dirisha, kisha binti akasema jambo jingine, la chini, na wanawake wote watatu wakacheka. Hakuuliza.